Mashindano ya Shabaha Yawe ya Wote

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Shinyanga)



Nimepewa dakika ishirini nizungumzie michezo. Msemaji anayepewa mada hiyo mbele ya watu waliokwisha kula pilau hutazamiwa azungumzie mpira, awasifu mashujaa wa zamani, kisha akae. Leo naomba radhi, mpira nitauacha. Nataka kuzungumzia kulenga shabaha, na ndani ya mada hiyo nitashika jambo moja tu, nalo ni gharama. Hoja yangu ni kwamba mchezo wa shabaha unaweza kuchezwa na kila kijana wa Shinyanga na Geita, ikiwa tutakubali kukaa chini, tukahesabu ni kitu gani hasa kinachokula fedha katika mashindano, kisha tukakiondoa.

Nianze na mchezo wa shabaha unaojulikana sana duniani, yaani kulenga visahani vya udongo kwa bunduki ya marisau. Mtambo hurusha kisahani hewani, na mlengaji hukipiga kabla hakijatua. Kisahani chenyewe kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu kama 105. Zamani watu walikuwa wakilenga njiwa walio hai. Hata katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900 njiwa waliuawa hivyo. Mnamo mwaka 1880 Mmarekani mmoja, George Ligowsky wa Cincinnati, alileta kisahani cha udongo wa kuchoma. Udongo ule ulikuwa mgumu mno, haukuvunjika vizuri ulipopigwa, ndipo watengenezaji wakahamia kwenye mchanganyiko wa chokaa na lami. Jina la udongo likabaki.

Mchezo huu si wa mataifa makubwa peke yake. San Marino, nchi yenye watu wapatao 34,000 tu, ilipata medali yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021, na aliyeileta ni mwanamke mlenga visahani, Alessandra Perilli. Falme za Kiarabu zilipata dhahabu yao ya kwanza ya Olimpiki mjini Athens mwaka 2004 katika mchezo huu huu, kwa mkono wa Ahmed Al Maktoum. Nafasi ya pili siku ile ilishikwa na askari wa jeshi la India, Rajyavardhan Singh Rathore. Basi ukubwa wa nchi si hoja. Lakini tazameni vizuri: San Marino ni ndogo, ila si maskini, Al Maktoum ni mtu wa ukoo unaotawala Dubai, na Rathore alikuwa askari, mtu ambaye silaha ni sehemu ya kazi yake. Anayekosekana katika orodha hiyo ni mtoto wa mkulima wa pamba.

Kwa nini anakosekana? Mimi ni mtumishi wa umma, nimezoea kusoma makisio ya fedha kwa kidole, mstari kwa mstari. Hebu tusome pamoja makisio ya mchezo huu. Duru moja ni visahani 25. Katika mchujo wa Olimpiki kila mlengaji hupewa visahani 125, na katika aina moja ya mchezo sheria humruhusu kupiga mara mbili kwa kisahani kimoja. Sasa tuseme sisi hapa tunaitisha mashindano madogo tu, watu 30, kila mtu visahani 100. Tayari tunahitaji visahani 3,000 na risasi zisizopungua 3,000. Jua likizama, vyote vimekuwa vigae na moshi. Juma lijalo, tukitaka kucheza tena, tunaanza kununua upya.

Hapo sijataja bunduki yenyewe, wala mtambo wa kurushia. Sijataja leseni pia, kwani kwetu bunduki na risasi ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ni haki ziwe hivyo. Kwa hiyo, Mkuu wa Shule, usiwe na wasiwasi. Sikuja kuomba bunduki ziletwe shuleni. Nimeleta hesabu hii kwa sababu wenye mchezo huo wenyewe, huko walikoendelea nao, walifika mahali wakaona viwanja vinakuwa vitupu, wakatafuta njia za kupunguza gharama. Njia hizo zinatufaa hata kama bunduki hazitufai. Nitataja nne.

Njia ya kwanza ni kutenganisha ada na zawadi. Katika mashindano mengi, kiingilio anachotoa mshiriki hubeba vitu viwili: gharama ya visahani atakavyolenga, na mchango wa mfuko wa zawadi atakaougombea. Anayeanza kujifunza anajua hatashinda, kwa hiyo sehemu ya pili ya fedha yake ni sadaka kwa bingwa. Vyama vyenye busara vikasema: mwenye kutaka kucheza tu alipe visahani vyake, na mwenye kutaka kugombea fedha aongeze kwa hiari yake.

Ya pili ni kufupisha. Visahani 50 badala ya 100 hupunguza risasi kwa nusu, na mtu hurudi nyumbani mapema badala ya kulala hotelini.

Ya tatu ni kuwapa nafasi wasio mabingwa. Wengine hugawa madaraja baada ya matokeo kujulikana, ili hata mwenye alama za katikati aweze kuwa wa kwanza katika daraja lake. Wengine humrudisha nyuma hodari, alenge kutoka mbali zaidi kuliko anayeanza. Mtu akiona kwamba ana nafasi, hurudi mara ya pili na ya tatu. Mashindano yenye watu wengi huwa rahisi kuliko yenye watu wachache, maana gharama za uwanja hugawanywa kwa vichwa vingi.

Ya nne ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Huko Marekani, katika jimbo la Minnesota, mwaka 2001 ilianzishwa ligi ya kulenga visahani kwa shule za sekondari. Katika ligi hiyo timu hazisafiri kila juma kufuatana. Kila shule hulenga katika uwanja wa karibu na kwao, chini ya msimamizi wake, kisha alama hupelekwa makao ya ligi na kulinganishwa. Shule mbili zilizo mbali kabisa hushindana bila dereva wala dizeli.

Ndugu zangu, nani kati yetu asiyejua nauli ni nini katika ukanda huu? Kutoka hapa hadi Kahama ni kilomita kama 100. Kwenda Geita kwa kupitia Mwanza, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa kungoja kivuko, nauli haikuondoka. Timu ya wanafunzi ikisafiri, kuna gari, kuna chakula, kuna malazi, kuna mwalimu wa kuandamana nayo. Ndiyo maana katika UMISSETA watoto wanachujwa shuleni, wanachujwa wilayani, wanachujwa mkoani, na wanaofika taifani ni wachache mno. Sisemi UMISSETA ni mbaya. Imetulelea wachezaji tangu zamani. Nasema kwamba chujio lile lina matundu madogo, na wengi wanaobaki nje walibaki kwa sababu ya nafasi ndani ya basi.

Sasa basi, tukizifuata njia zote nne, bado linabaki jambo moja: risasi. Risasi ikienda hairudi. Ni kitu gani kinachokwenda kwenye shabaha na kurudi? Ni mshale.

Sioni haya kusema neno hilo katika mkutano wa wasomi. Sisi ni watu wa upinde. Wahadzabe wa Meatu, wilaya iliyokuwa ndani ya mkoa wetu mpaka Simiyu ilipoundwa mwaka 2012, mpaka leo wanajulikana duniani kwa upinde wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wazee wetu wa Kahama na Shinyanga waliunda Sungusungu, na silaha yao ilikuwa upinde na mishale, na filimbi ya kuitana. Kwa upande wa pili wa mpaka, Kenya ilipoingia uwanjani kufungua Olimpiki ya Rio mwaka 2016, aliyebeba bendera ya taifa alikuwa Shehzana Anwar, naye ni mlenga upinde. Nchi ya wakimbiaji, nchi ya Kipchoge Keino, ilimpa bendera mtu wa mishale!

Nitasema habari ya mwenzetu mmoja tuliyesoma naye hapa, ambaye sitamtaja jina. Kwao walilima mtama, na tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuwafukuza kwelea kwelea kwa kombeo. Kijana yule alikuwa akiona ndege arukaye, akizungusha kombeo lake mara moja, ndege huanguka. Tulikuwa tukimwekea makopo juu ya ukuta nyuma ya bweni, tunahesabu, hakosi. Lakini katika mpira hakuwemo, katika wavu hakuwemo, katika riadha hakuwemo. Basi kwa vitabu vya shule hakuwa mwanamichezo. Kipaji chake hakikuwa na uwanja wala daftari la kuandikiwa alama. Kidato cha tatu aliondoka, akaenda machimboni Nyarugusu kama walivyokwenda wengine. Sisemi kwamba mchezo ungemrudisha. Umaskini una sababu nyingi. Lakini najua hivi: kijana ambaye shule haina kitu cha kumwambia kwamba yeye ni hodari, duara la machimbo linamwita kwa sauti kubwa zaidi. Nanyi walimu mnajua kwamba madawati yanayobaki wazi mwezi wa pili baada ya mavuno ya kokoto nzuri si machache.

Basi pendekezo langu ni hili. Shule yetu ianzishe mashindano ya kulenga kwa upinde, na sisi wanafunzi wa zamani tuyashike mkono.

Vifaa tunavyo. Mti wa mkole hutoa upinde mzuri, nao umo katika ngitili zetu. Tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, ngitili nyingi zilizokuwa zimekufa zimefufuka. Kijiti kimoja kimoja kinaweza kukatwa kwa ruhusa ya mwenye ngitili au serikali ya kijiji, bila kuumiza mti. Wazee wanaojua kuchonga upinde, kusokota upote na kupachika manyoya kwenye mshale bado wapo. Hao ndio wawe walimu wa kwanza, na walipwe posho, kwa sababu ni mafundi. Shabaha iwe gunia lililojazwa majani ya mpunga na kushindiliwa, limechorwa miduara kwa rangi.

Wale wanaopenda shabaha inayokwenda, kama kile kisahani cha udongo, nao wana njia. Fungeni majani ndani ya gunia mpaka yawe duara bapa, la ukubwa wa ringi ya baiskeli, mkaliviringishe chini mbele ya tuta la udongo. Mlengaji hulipiga likipita. Lisirushwe juu hata kidogo, maana mshale unaokosa shabaha angani haijulikani utaanguka kwa nani.

Tupige hesabu kama tulivyopiga ile ya kwanza. Pinde 10, kila upinde na mishale sita, jumla mishale 60. Washiriki 30 wanalenga kwa zamu, kila mmoja zamu tano za mishale sita, yaani mara 30. Hiyo ni mishale 900 iliyorushwa, na tulikuwa na 60 tu. Baadhi itavunjika; itachongwa mingine. Hakuna mshiriki anayedaiwa kuja na kifaa chake, na kwa hiyo hakuna anayebaki nyumbani kwa kukikosa. Mgeni alenge kutoka mita 15, aliyezoea kutoka 25, na hodari arudi mpaka 40. Kila shule ilenge nyumbani kwake siku ile ile, mwalimu wa shule jirani akiwa msimamizi, na alama zitumwe kwa simu kabla ya jua kuzama. Shule ya hapa inaweza kushindana na shule ya Kahama, ya Bukombe na ya Geita bila kukodi basi hata moja. Mara moja kwa mwaka, siku ya mkutano wetu huu, walioongoza waje kulenga mbele yetu. Nauli yao hao wachache tutaimudu.

Najua kuna pingamizi, na ni afadhali nizijibu mwenyewe kabla sijakaa.

Wa kwanza atasema: upinde ni silaha, umeua watu. Ni kweli. Hata Sungusungu, pamoja na sifa zake na pamoja na sheria ya mwaka 1989 iliyowatambua, wako waliovuka mpaka wakahukumu watu bila mahakama. Ndiyo maana nataka kijana ajifunze upinde penye sheria, mbele ya mwalimu, mchana. Pinde zifungiwe stoo na ufunguo uwe kwa mwalimu. Mishale iwe na ncha butu ya chuma, isiwe na chembe yenye ndoana, na sumu isitajwe hata kwa mzaha. Walengaji wasimame mstari mmoja. Hakuna anayevuka mstari mpaka filimbi ipulizwe. Nyuma ya shabaha pawe na tuta. Atakayelenga mnyama au ndege atolewe mchezoni, na aelezwe kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 haimsamehe mtu kwa kuwa ana upinde badala ya bunduki.

Wa pili atasema: migodi ipo, tuiombe igharamie. Mimi siikatai fedha ya mgodi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanautaka mgodi uandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Maombi yetu yanaweza kupita huko, tena kwa haki. Lakini tusisimamishe mchezo mzima juu ya mguu huo mmoja. Buzwagi ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 ukafungwa. Kijana aliyeingia darasa la kwanza mgodi ulipofunguliwa hakumaliza kidato cha sita kabla haujafungwa. Fedha ya mgodi ijenge kitu kinachobaki, kama tuta, uzio na stoo. Mchezo wenyewe wa kila juma uendeshwe kwa kitu tunachokimudu sisi, mgodi uwepo usiwepo.

Wa tatu, na huyu ni mzazi, atasema: mtoto asome, mchezo wa mishale utampeleka wapi? Mzee wangu, sikuahidi Olimpiki. Tanzania imepata medali mbili tu za Olimpiki katika historia yake, zote za fedha, zote mjini Moscow mwaka 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Kwa hiyo anayeahidi medali anauza hewa. Ninachoahidi ni kidogo kuliko hicho: kwamba saa kumi alasiri, siku mbili kwa juma, mtoto wako atasimama kimya, atapumua polepole, atatazama kitu kimoja, na akikosa atakwenda kuchukua mshale wake mwenyewe na kuanza tena. Mwalimu wa hisabati atakuambia kama tabia hiyo ina faida.

Ndugu Mwenyekiti, tumezoea katika mikutano hii kuchangia vikombe. Kikombe kinang'aa, kinapigwa picha, kisha kinakaa kabatini kwa Mkuu wa Shule kinakusanya vumbi, na gharama ya kikombe kimoja kizuri ingetosha kununua magunia ya shabaha ya shule nzima. Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo manne. Kwanza, mwaka huu tusinunue kikombe. Fedha hiyo iende kwenye pinde 10, mishale 60 na posho ya fundi. Pili, kiingilio cha mwanafunzi kiwe bure, na cha mwanachama kiwe cha hiari. Tatu, iundwe kamati ya watu watano, wawili wakiwa wanafunzi walioko shuleni sasa, iandike kanuni za usalama na kuzipeleka kwa Mkuu wa Shule na kwa afisa michezo wa halmashauri kabla mshale wa kwanza haujarushwa. Nne, wenzetu walioko Kahama na Geita waende kwenye shule zilizo jirani nao, waulize kama nazo zitaingia.

Nanyi vijana, kati yenu yumo anayejua kulenga kuliko sisi wote tuliomo humu ndani, na pengine hajawahi kuitwa mbele kwa lolote. Kamati ikishaundwa, mtafuteni mmlete.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.